Kinyama cha tezi hakiwekwi kwenye spiriti jamani

Mhariri,

Mwangaluka. Mimi ni nesi mstaafu, nimefanya kazi thieta miaka mingi hapa hapa Mwanza, sasa hivi nipo zangu Igoma nafuga kuku na gazeti lenu nalisoma kwenye simu mjukuu akishanifungulia. Naomba nafasi. Mkiona barua ndefu kateni tu, ila sehemu ya kichupa msiiguse maana ndo iliyonikalisha chini kuandika.

Juzi kati nimepanda daladala Buzuruga, mbele yangu wamekaa akina mama wawili, mmoja anamsimulia mwenzie mwanae ana tezi, yaani mtoki, shingoni miezi mitatu sasa haishuki na daktari kasema itolewe ikapimwe. Yule mwenzie akaruka hapo hapo, weee usikubali, hizo ukishazigusa na kisu zinasambaa mwili mzima, mume wa fulani alikatwa wiki tatu tu tukamzika. Mimi nikanyamaza kwasababu kituo changu kilikuwa kimefika na kondakta ananifokea mama shuka, nikashuka, na mpaka leo roho inanisuta kwamba na uzee wangu wote huu nimeshindwa kufungua mdomo.

Sasa nafungua hapa.

Yule mume wa fulani hakuuawa na kisu. Watu wetu wengi wanafika kwenye kisu wakati ugonjwa umeshazunguka mwili kitambo, tezi ya shingo ndo imekuja kujionyesha mwishoni, inakatwa, majibu yanatoka, mgonjwa anafariki, basi lawama yote ya daktari. Sisemi hakuna ukweli hata kidogo, upo. Mzee mvutaji sigara mwenye uvimbe mgumu shingoni na sauti imekwaruza huyo hatakiwi kukimbiliwa na kisu shingoni, anatakiwa kwanza aangaliwe mdomo, ulimi na koo mpaka chini, uvimbe wenyewe uchomwe sindano tu, kwasababu pengine kansa imeanzia koo na ukichokonoa shingo ovyo unaharibu matibabu ya mbele. Lakini huyo ni mzee wa koo. Mtoto wa yule mama ni habari nyingine kabisa.

Nije kwa mwanangu. Ni mtoto wa mdogo wangu wa Ukerewe, ananiita mama mkubwa, alikuwa na miaka 19 anavua dagaa na wenzie. Akaota kinundu nyuma ya shingo upande wa kulia, hakiumi. Akaanza kutoka jasho usiku shuka linaloa mpaka unalikamua, anawashwa mwili, anakonda. Akapelekwa sehemu, siitaji, akaambiwa TB ya tezi akapewa dawa miezi sita, hakuna kilichopimwa, wamekadiria kwa macho. Siwalaumu moja kwa moja maana kweli huku kwetu tezi za shingoni nyingi huwa ni TB, na TB ikitoka nje ya mapafu inapenda sana kukaa kwenye tezi. Mwezi wa kwanza uvimbe ukapungua kidogo watu wakashangilia, wa tatu ukarudi na wenzie wawili.

Ndo akakatwa mara ya kwanza. Kijana aliyemkata (nasema kijana maana nilikuja kuonana nae, wala sio mtu mbaya) akapasua juu akabana kipande na kibano akakivuta, kadogo kama punje ya mchele, akakatia kwenye kichupa cha sindano kilichoisha dawa, akamimina spiriti, akamkabidhi baba yake apeleke maabara Mwanza. Meli ya siku hiyo ilikuwa imeshaondoka, kesho yake wakakosa mtu wa kusafiri, siku ya tatu kichupa ndo kinafika mjini kwenye mfuko wa rambo pamoja na samaki wa kuniletea mimi. Majibu tumesubiri wiki kadhaa, yakaja mstari mmoja. Kipande ni kidogo, kimepondeka, hakifai kusomwa.

Mtoto amekatwa bure. Ana kovu na jibu hana.

Sasa nieleze kwanini, maana hata wenye koti jeupe wengine hawajui. Tezi ina umbo la harage, imefunikwa na ganda jembamba, na humo ndani seli zimepangwa kwa mpangilio wake maalum. Daktari wa patholojia anachotafuta kwenye darubini sio seli tu, anatafuta mpangilio umekaaje na umevurugikaje, hasa anapotafuta limfoma yaani kansa ya tezi zenyewe. Wavuvi wenzangu mtanielewa hapa, ukimpelekea afisa uvuvi uzi mmoja uliochomoa hawezi kukwambia wavu wako ni halali au haramu, mpaka autandaze aone tundu. Ndo maana limfoma ikishukiwa tezi inatolewa nzima, na ganda lake, haijapasuka. Kama uvimbe ni mkubwa umeshikana na mishipa ya damu hautoki wote, hapo sawa kinakatwa kipande, lakini kiwe cha maana na kitoke ndani sio ngozi ya juu.

Sindano nayo ina kazi yake, wasije watu wakasema mama wa Igoma kaikataa sindano. Ile nyembamba inafyonza seli na usaha kidogo na kwa TB inasaidia sana, yale majimaji yanaingizwa kwenye mashine ya GeneXpert unapata jibu ndani ya masaa mawili hivi, na inakwambia kabisa kama vijidudu vinakataa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Shirika la Afya Duniani liliikubali mashine hiyo mwaka 2010 kwa makohozi na mwaka 2013 wakaruhusu na majimaji ya tezi. Kwahiyo ile miezi sita ya kukadiria ya mwanangu ingeweza kuwa asubuhi moja. Alafu kuna sindano nene inayokata kamkanda ka nyama kama tambi, hiyo inafaa sana kwa tezi za ndani ya tumbo ukiongozwa na ultrasaundi, mtu hapasuliwi. Watu wengi waanze na sindano. Ila sindano ikisema hamna kitu na mgonjwa bado anatoka jasho na kukonda, hapo usiridhike, tezi itoke.

Na kitu kingine ambacho kinaniudhi, tezi ya TB ikilainika watu wanaiona kama jipu wanapasua usaha utoke. Ile ukiipasua hivyo inageuka kidonda chenye tundu kinachovuja miezi na miezi. Na wale wa kuchanja wembe na kupaka jivu wanafanya hivyo hivyo tu, tofauti yao na huyo wa hospitali ni rangi ya koti.

Mara ya pili nikaenda nae mwenyewe. Nikamshika mkono nikampeleka kwa daktari wa upasuaji ambaye nimeshasimama nae mezani mara nyingi, nikakaa nje kama ndugu wa mgonjwa wa kawaida, mtihani mkubwa huo kwa mtu aliyezoea kuwa ndani. Lakini najua kilichofanyika humo kama najua jikoni kwangu.

Kwanza tezi inachaguliwa. Inachukuliwa kubwa na iliyobadilika zaidi, sio iliyo rahisi kufikia. Kinena kinaachwa kama shingoni au kwapani kuna nyingine, kwasababu sisi watu wa mwaloni tunatembea peku, tunachomwa na miba ya samaki, vidonda vya miguu haviishi, mitoki ya kinena tunayo toka utoto, ukiikata utaambiwa ni maambukizi ya kawaida na ugonjwa wenyewe umekaa shingoni unakucheka. Tezi iliyo juu ya mtulinga, kile kishimo pembeni ya shingo, hiyo haidharauliwi hata ikiwa ndogo, ya kushoto inaweza kuwa inaleta habari za tumbo la chakula.

Kisha mgonjwa analazwa, kimto chini ya mabega, shingo inageuzwa. Tezi inachorwa na kalamu kabla ya ganzi, maana ukishadunga ganzi nyama inavimba na kinundu kinapotea kwenye vidole. Mkubwa anayetulia anafanyiwa kwa ganzi anaongea na wewe, mtoto mdogo ni nusu kaputi. Ngozi inakatwa kufuata mkunjo wa shingo, hata kovu linajificha humo. Msuli unasogezwa pembeni haukatwi.

Na hapa ndo penyewe. Nyuma ya shingo, kwenye ile pembetatu, kuna mshipa wa fahamu mwembamba kama uzi unapita juu juu sana katikati ya tezi, ndo unaoamuru msuli wa kunyanyua bega. Niliwahi kumuona mama mmoja muuza dagaa wa Kirumba, alikatwa kitezi huko alikokatwa, dakika ishirini tu akarudi nyumbani, wamempongeza. Baada ya wiki mbili bega limeshuka, beseni la dagaa hawezi kupandisha kichwani, nywele anasukwa kwa kuinamisha kichwa kwasababu mkono hauvuki bega. Mshipa ulikuwa umekatwa. Hakuna aliyemwambia kwamba upo, wala kabla wala baada, yeye mpaka naonana nae alikuwa anaamini amerogwa na jirani wa meza. Daktari wetu mwenye akili anamwambia mgonjwa nyanyua mabega yote mawili kabla hajamlaza, anaandika, na akimaliza anamwambia nyanyua tena. Chini ya taya kuna mshipa mwingine wa mdomo, ndo maana hapo wanakata sentimita mbili chini ya mfupa sio juu yake. Kwapani nako kuna yake. Sasa mtu akikwambia kutoa tezi ni upasuaji mdogo anaweza kufanya yeyote Ijumaa mchana kabla ya kwenda nyumbani, mwambie amtafute yule mama wa beseni.

Tezi yenyewe haibanwi. Nimeshagombana na madokta wanafunzi juu ya hili mpaka wakanipa jina, unampa kibano anaikamata tezi kama anakamata mende, zile seli ni laini zinapondeka na kwenye darubini inakuwa matope. Unashika nyama za pembeni, au unapitisha uzi mmoja unaivuta kwa uzi taratibu. Mashine ya kuunguza iwe mbali, ikiunguza tezi umepika kitoweo cha patholojia. Vijishipa vinavyoingia kwenye tezi vinafungwa na uzi, vya damu na vile vya maji ya limfu, visipofungwa mgonjwa atarudi baada ya siku tano na mfuko wa maji chini ya mshono.

Haya, kichupa.

Tezi ikitoka haiachwi ikauke kwenye gozi juu ya meza huku watu wanashona na kupiga stori. Kama ni kubwa inakatwa nusu na kisu kikali mkato mmoja, maana fomalini inapenya polepole, kama milimita moja kwa saa, tezi nzima nene itaoza katikati nje ikiwa imeiva. Kipande kimoja kinaenda kwenye fomalini ya asilimia kumi, na fomalini iwe nyingi, mara kumi ya kinyama au zaidi, sio kulowesha tu kama unaloweka unga. Kipande kingine kinaenda kwenye maji ya chumvi ya dripu kichupa safi, hicho ni cha TB, kwasababu fomalini inaua vijidudu na ukishakizamisha humo huwezi tena kuviotesha maabara. Watu wanatumbukiza chote kwenye fomalini alafu wanaandika naomba kuotesha TB. Utaotesha maiti?

Na kichupa kiwe na mdomo mpana! Tezi ikikaa kwenye fomalini inakuwa ngumu kama kipande cha mhogo mkavu, ulikisukuma kikiwa laini kwenye kichupa cha sindano sasa hakitoki, maabara wanalazimika kuvunja chupa wachokonoe na vibano, kimeshapondeka. Chupa ya jemu iliyooshwa ina afadhali. Spiriti ndo kabisa isitumike, inakausha na kukunja nyama, kazi yake ni kusafisha ngozi. Jina la mgonjwa liandikwe kwenye chupa sio kwenye kifuniko, vifuniko vinabadilishana kama viatu msikitini. Na ile fomu jamani, sio kuandika "uvimbe shingoni" basi, andika ana miaka mingapi, tezi ya wapi, imeanza lini, HIV vipi, ametumia dawa gani za TB, amemeza predinisoloni (ile dawa ya steroidi) au la. Hiyo ya mwisho ni muhimu kweli, watu wetu wananunua predinisoloni duka la dawa kwa ajili ya kuwashwa, limfoma inasinyaa wiki mbili tatu, kinachokatwa kinasoma vibaya, baadae inarudi na hasira.

Ya mwanangu ilisoma safi. Limfoma ya Hodgkin. Nililia, sio uongo, lakini nililia nikijua kwamba katika kansa zote hiyo ni moja ya zinazosikia dawa vizuri zaidi. Kapata dripu zake, nywele zikatoka zikarudi, sasa hivi yupo Nansio huko Ukerewe anavua na amenenepa mpaka mashati yamembana.

Ila najiuliza ingekuwa ni mtoto wa miaka sita. Huku ziwani tuna limfoma ya Burkitt, ile ya taya za watoto, iliyopewa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliyekuwa anafanya kazi Uganda, akaiandika mwaka 1958, na mwaka 1964 wakina Epstein na Barr wakaona kirusi kwenye seli zake. Inapenda sehemu zenye malaria ya mwaka mzima kama kwetu. Seli za hiyo zinajizidisha mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Piga hesabu ya kichupa kilichokaa siku tatu kinangoja meli, na wiki za majibu, na mara ya pili kukatwa. Nyie mnasema mama wa Igoma anakuza mambo.

Kwa akina mama wenye uvimbe wa titi niseme kidogo tu maana mnaniuliza sana kanisani. Zamani tezi za kwapa zilikuwa zinazolewa zote na wengine mkono unabaki kuvimba maisha. Sasa kuna njia ya kudunga rangi ya bluu karibu na uvimbe, rangi inasafiri mpaka tezi ya kwanza, ile mlinzi wa getini, inatolewa hiyo peke yake au na mbili tatu, ikiwa safi tezi nyingine zinaachwa. Alianza daktari Cabanas mwaka 1977 kwenye kansa ya uume, wakina Morton wakaileta na rangi ya bluu kwa kansa ya ngozi mwaka 1992, ndo ikaja kwenye titi. Usishtuke ukikojoa kijani siku ya pili. Muulize daktari wako kama hiyo inafanyika kwake au la, kuuliza sio ukorofi.

Sasa ombi langu mhariri. Wakubwa wa afya wa mkoa na wilaya wanasoma gazeti hili. Fomalini sio dawa ya gharama ya kutisha. Chupa za mdomo mpana ziwepo kila thieta, kuanzia Sengerema mpaka Ukara, na mtu wa kupeleka sampuli awe mtumishi mwenye ratiba, sio baba wa mgonjwa na mfuko wa samaki. Dagaa wa Kirumba wanafika Kongo wakiwa salama, kinyama cha sentimita mbili kinashindwaje kufika hospitali ya Bugando hapa Mwanza?

Na kama yule mama wa daladala anasoma, aliyekuwa na kitenge cha njano na mfuko wa mchicha: kubali mama, mpeleke mtoto. Siku hiyo muulize daktari kama anaitoa nzima, muulize kichupa kina nini ndani, ukikinusa kama ni fomalini itakutoa machozi, spiriti unaijua harufu yake. Mimi nakaa Igoma, kuku wangu wanajulikana mtaa mzima, ukitaka tuende wote nitavaa viatu.

Nesi mstaafu,
Igoma, Mwanza